Mafundi wa Katuni za Kompyuta Walikotoka

Kata ya Kiwangwa, wilayani Bagamoyo, imepata jina kwa mananasi. Barabara ya lami itokayo Bagamoyo kwenda Msata inaipitia, na msimu ukifika matunda hupangwa kando ya njia yakisubiri magari ya kuyapeleka Dar es Salaam na kwingineko. Mtoto anayekulia huko leo anaweza kuwasha televisheni, au kuazima simu ya mzazi wake, akatazama katuni inayozungumza Kiswahili, yenye watoto wanaofanana naye, wanaohesabu, kuimba na kuuliza maswali. Kwake hilo ni jambo la kila siku. Mzazi wake, alipokuwa na umri huo huo, hakuwa na katuni ya namna hiyo hata moja.

Mabadiliko hayo yameletwa na watu, na swali la makala hii ni moja: watu hao walikuwa wakifanya kazi gani kabla? Ukifuatilia safari zao utawakuta wachora katuni wa magazeti, wanamuziki, ma-DJ, wapiga video za harusi na watayarishaji wa habari za sayansi. Kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuanza moja kwa moja kama fundi wa katuni za kompyuta, kwa sababu kazi hiyo haikuwa na shule, haikuwa na kituo cha kuirusha, na kwa muda haikuwa hata na kompyuta. Kila mmoja aliingia na ujuzi alioupata kwingine. Mchanganyiko huo ndio ulioipa kazi hii sura yake katika Afrika Mashariki, kwa uzuri wake na kwa upungufu wake.

1967–1986: Kalamu yatangulia

Historia hii inaanzia kwenye gazeti. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Christian Gregory alianza kumchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru. Chakubanga alikuwa mtu wa kawaida anayehangaika na maisha ya mjini, na wasomaji walimzoea kama jirani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Saidi Bawji na Nico ye Mbajo wakaanzisha jarida la Sani, na humo kalamu ya Philip Ndunguru ikawazaa Lodi Lofa, Dokta Pimbi, Madenge, Kipepe na Ndumilakuwili. Ndunguru alifariki mwaka 1986, lakini wahusika wake waliendelea kuchorwa na wengine waliojifunza mkono wake. Wanafunzi wengi wa enzi hizo walijifunza kuchora kwa kuiga sura za Sani nyuma ya madaftari yao.

Jambo hilo la kuendeleza wahusika wa mtu mwingine lina uzito kuliko linavyoonekana. Mchora katuni wa gazeti hufundishwa na kazi yenyewe mambo mawili: kumtambulisha mtu kwa mistari michache, na kumrudia mtu yule yule toleo baada ya toleo bila pua kurefuka wala kichwa kubadilika. Katika katuni zinazotembea ujuzi huo ndio msingi. Mhusika mmoja huchorwa na mikono mingi, naye lazima abaki yule yule.

Ndivyo ilivyokuwa hata huko kazi hii ilikoanzia. Émile Cohl, Mfaransa aliyetoa Fantasmagorie mwaka 1908, alikuwa mchora vikaragosi. Winsor McCay wa Marekani, aliyemtembeza dinosaria Gertie mwaka 1914, alikuwa mchoraji wa magazeti. Tofauti ni kwamba wao walitoka gazetini wakaingia kwenye sinema iliyokuwa jirani nao. Wachoraji wa Dar es Salaam walikaa robo karne wakisubiri.

1965–1994: Milango miwili iliyofungwa

Sababu ya kusubiri ilikuwa ni milango miwili, wa kompyuta na wa televisheni.

Kompyuta ilifika Tanzania mapema. Katikati ya miaka ya 1960 Wizara ya Fedha ilipata mashine ya ICT 1500 kwa ajili ya hesabu za serikali. Mambo hayakwenda vizuri. Kumbukumbu zilivurugika, wataalamu wazalendo walikuwa haba, na hatimaye hesabu zikarudishwa mikononi mwa makarani. Funzo lililotolewa lilikuwa kali: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Aliyezihitaji alilazimika kuomba kibali maalumu. Marufuku hiyo ilianza kulegezwa katika miaka ya 1980, na ilipofika katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha.

Televisheni nayo ilikuwa na historia yake. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya rangi mwaka 1973, mapema kuliko sehemu kubwa ya Afrika. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963. Tanzania Bara ilichagua kubaki na redio, iliyomfikia mkulima kwa gharama ndogo, na uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake katika nchi maskini iliyotaka usawa. Sinema ilikuwapo: Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na Taasisi ya Picha na Sauti ikafuata mwaka 1974 kwa msaada wa Denmark. Lakini hizo zilijishughulisha na filamu za elimu, habari na hadithi za waigizaji hai.

Athari yake inapimika kwa hesabu ndogo. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, na dakika moja ina picha 1,440. Hata ukichora mchoro mmoja kwa kila picha mbili, dakika hiyo inataka michoro 720. Mchoraji asiye na kompyuta ya kumpunguzia kazi, asiye na kituo cha kumlipa, hana sababu ya kuchora michoro 720 kwa dakika moja. Anachora mmoja, anaupeleka gazetini, analipwa.

Kwingineko barani, wachache walilipa gharama hiyo kwa mapenzi. Moustapha Alassane wa Niger, aliyetengeneza Bon Voyage Sim mwaka 1966, alikuwa amesomea ufundi makanika. Hata mwanzilishi huyo wa katuni zinazotembea kusini mwa Sahara aliingia kwa mlango wa kazi nyingine, na mikono iliyozoea mashine ilimfaa.

1981–2007: Bagamoyo na elimu ya mwili

Wakati milango hiyo ikiwa imefungwa, mji wa Bagamoyo ulikuwa ukifundisha nusu ya kazi hii bila kuitaja. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kikirithi kazi ya vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo vilivyoundwa baada ya Uhuru. Baadhi ya wanasarakasi wa mwanzo walikuwa wamepelekwa China katika miaka ya 1960 kujifunza. Hukwe Zawose, gwiji wa zeze na ilimba kutoka Ugogo, alifundisha hapo. Ukumbi mkubwa wa chuo uliungua mwaka 2002, ukajengwa mwingine, na mwaka 2007 chuo kikawa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, chenye wanafunzi wa ngoma, maigizo, muziki na sanaa za ufundi.

Kwa nini ngoma na maigizo yawe sehemu ya historia ya kompyuta? Kwa sababu kompyuta haijui uzito. Mchukue mtu wa Kiwangwa anayeinua tenga la mananasi. Kabla mikono haijagusa kitu, magoti yamekunjwa na kiuno kimeshuka. Tenga linapoinuka, mabega yanakaza, shingo inasimama, mguu mmoja unasogea kutafuta mizani. Hatua ya kwanza baada ya hapo ni fupi na nzito, ya pili ni ndefu kidogo. Fundi wa katuni asiyeyajua hayo mwilini atachora mtu aliyebeba tenga la karatasi. Mcheza ngoma anayajua, mwanasarakasi anayajua, mwigizaji anayajua.

Studio za nchi zilizotangulia ziligundua hivyo zamani, na hadi leo mafundi wake huigiza tukio mbele ya kioo au kamera kabla ya kulichora. Sehemu ya pwani iliyokuwa na chuo cha miondoko tangu 1981 ilikuwa na hazina ambayo fani ya katuni ilikuwa bado haijaanza kuichota.

1992–2009: Magazeti huria, televisheni na safari ya Gado

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi ulirejea, na soko la habari likafunguka. Magazeti binafsi yaliongezeka, na kila gazeti lilitaka mchora katuni wake. Mwaka 1994 vituo binafsi vya televisheni, ITV kikiwamo, vilianza kurusha matangazo Dar es Salaam. Televisheni ya taifa, TVT, ikafuata mwaka 2000, na baadaye ikawa TBC. Milango yote miwili ilikuwa wazi sasa, lakini vituo vilikuta ni rahisi kununua katuni za nje kuliko kuagiza ya nyumbani. Kizazi kizima cha watoto wa Bara kilizijua katuni kwa Kiingereza kabla ya kuzijua kwa lugha yao.

Hakuna maisha yanayoonyesha kipindi hiki vizuri kama ya Godfrey Mwampembwa, anayejulikana kwa jina la Gado. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaanza kuchorea magazeti akiwa bado kijana mdogo, kisha mwaka 1991 akaingia Chuo cha Ardhi kusomea usanifu wa majengo. Mwaka uliofuata aliacha masomo akaenda Nairobi kuchora katika magazeti ya Nation, ambako alikuja kuwa mmoja wa wachora katuni za siasa wanaojulikana zaidi barani. Hakuishia hapo. Mwaka 2000 alikwenda Vancouver, Kanada, kusomea katuni zinazotembea kwa njia ya asili ya kuchora kwa mkono. Mwaka 2009 akazindua The XYZ Show katika Citizen TV ya Kenya, kipindi cha vikaragosi wa mpira wenye sura za wanasiasa.

Tazama hatua zenyewe: mchoraji wa gazeti, mwanafunzi wa usanifu, mchoraji tena, mwanafunzi wa katuni akiwa tayari mashuhuri, kisha mkuu wa kipindi cha televisheni. Usanifu wa majengo unafundisha nafasi na umbali. Gazeti linafundisha kufikiri haraka na kumaliza kwa wakati. Vancouver ilimpa mwendo. Kipindi cha vikaragosi kilidai vyote pamoja, tena kikamfundisha kitu cha nne, yaani kuongoza kundi la watu wenye fani tofauti.

2002–2009: Video za harusi, programu ya bure na mkongo wa baharini

Si kila mtu angeweza kufika Vancouver. Kwa walio wengi, shule ilikuwa ni harusi.

Kamera za video ziliposhuka bei, kila sherehe ya mjini ilitaka mkanda wake. Mpiga video alirudi ofisini na saa nyingi za picha, akakaa mbele ya kompyuta kuzikata na kuziunganisha. Bibi harusi alitaka jina lake lizunguke na kutua juu ya picha, maua yafunguke, mioyo ipae. Kijana aliyeyafanya hayo alikuwa anajifunza kanuni ya msingi ya katuni za kompyuta: unaweka kitu mahali pa kuanzia, unakiweka mahali pa kuishia, mashine inajaza mwendo wa katikati, na wewe unaamua kama mwendo huo uwe wa haraka, wa taratibu au wa kusita. Kutoka harusini wengi waliingia kwenye video za Bongo Fleva, na kutoka huko kwenye matangazo ya biashara. Waandika mabango nao, waliokuwa wakichora kwa brashi ukutani, walihamia kwenye kompyuta pale mabango ya kuchapwa yalipochukua soko lao.

Mambo mawili yalibadilisha hali yao. La kwanza lilitokea Uholanzi mwaka 2002. Ton Roosendaal, mwanzilishi wa programu ya Blender ya kutengeneza picha za pande tatu, alikusanya yuro 100,000 kutoka kwa umma ndani ya wiki saba ili kuinunua programu hiyo kutoka kwa wawekezaji wake na kuifanya ya bure kwa kila mtu. Kuanzia Oktoba mwaka huo kijana wa Temeke au Mombasa aliweza kuwa na zana ya kitaalamu bila kulipa leseni na bila kutafuta nakala ya wizi.

Zana bila mwalimu haitoshi, na hapo likaja la pili. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi katika pwani yetu, ukaunganisha Dar es Salaam na Mombasa na dunia kwa njia ya bahari, na mikongo mingine ikafuata. Kabla ya hapo intaneti ilitegemea setelaiti, ilikuwa ghali na ya kusuasua. Baada ya hapo, kadiri bei zilivyoshuka, somo la video la nusu saa likawa kitu cha kawaida. Mafundi wengi waliojifunza wenyewe wanatokana na kipindi hiki, na ni sahihi kuwaita zao la mkongo.

2004–2011: Warsha, ma-DJ na rangi ya baiskeli

Wakati huo huo wachoraji walianza kukutanishwa. Kuanzia mwaka 2004 UNESCO iliendesha mpango wa Africa Animated!, ulioleta wasanii kutoka nchi mbalimbali za Afrika katika mafunzo ya vitendo, Zanzibar na Nairobi zikiwamo. Wengi wa walioshiriki walikuwa wachora katuni wa magazeti au vitabu vya watoto, na kwa baadhi yao hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukaa meza moja na wenzao wa fani hiyo.

Kazi kubwa ya kwanza ya eneo hili ikaja kutoka Nairobi. Mtayarishaji Claudia Lloyd wa kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect alivutiwa na michoro ya Tingatinga, akaamua kutengeneza hadithi za wanyama kwa mtindo huo. Tinga Tinga Tales ilianza kuonyeshwa katika kituo cha watoto cha BBC mwaka 2010, ikawa na sehemu 52 za dakika 11 kila moja. Muziki ulitungwa na Eric Wainaina. Katuni zenyewe zilitengenezwa Nairobi na Homeboyz, kampuni iliyoanza kama kundi la ma-DJ wa disko za kuzunguka, ikakua hadi redio, burudani na studio.

Na mtindo wenyewe ulitoka wapi? Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki, akawa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya ubao mgumu kwa rangi ya kupakia baiskeli, na kuviuza Oysterbay. Miaka minne baadaye, 1972, aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Aliowafundisha waliendeleza kazi, na chama chao cha ushirika kipo hadi leo. Hivyo katuni iliyotazamwa na watoto wa Ulaya ilikuwa imejengwa na kibarua wa mkonge aliyezaliwa Tunduru, ma-DJ wa Nairobi na mtayarishaji wa London.

Kwa kuwa katuni hiyo ilijengwa juu ya mtindo wa watu wengine, somo lake kuu lilikuwa la kisheria. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999. Sheria za namna hii hulinda kazi, yaani mchoro huu au hadithi hii, wala hazilindi mtindo kwa jumla. Kwa mchoraji, kinachobaki cha kumlinda ni mkataba. Watu walioingia katika fani hii kutoka kwenye brashi, muziki na video za harusi walikuwa na ujuzi mwingi, lakini wachache walikuwa wamewahi kusoma mkataba wa kurasa 40. Upungufu huo umewagharimu wengi.

2013–2018: Ubongo, kazi ya mikono mingi

Mwaka 2013 kundi la watu watano Dar es Salaam lilianzisha Ubongo: Nisha Ligon, Cleng'a Ng'atigwa, Rajab Semtawa, Tom Ng'atigwa na Arnold Minde. Ligon, Mmarekani, alitoka kwenye utayarishaji wa habari na filamu za sayansi. Cleng'a Ng'atigwa alikuwa mwanamuziki. Januari 2014 kipindi chao, Ubongo Kids, kilianza kurushwa na TBC1, kikifundisha hisabati kwa Kiswahili kupitia hadithi za Kiduchu, Koba, Kibena na wenzao.

Kila sehemu ilikuwa na wimbo wa kubeba somo, na hapo unaona alama ya mwanamuziki. Kila sehemu ilijengwa juu ya swali linalochunguzwa hatua kwa hatua, na hapo unaona alama ya mtu wa sayansi. Tena mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, akarudishiwa jibu la kumtia moyo. Uamuzi huo ulizingatia hali halisi: nyumba ya kijijini ilikuwa na simu ndogo muda mrefu kabla ya kuwa na kompyuta. Katuni zenyewe zilikuwa za pande mbili, za viungo vinavyounganishwa: bega, kiwiko na goti huchorwa mara moja, kisha huchezwa upya katika kila tukio. Njia hiyo inapunguza zile picha 1,440 za dakika hadi kiasi ambacho studio ndogo inaweza kukimudu.

Wakati nao uliwasaidia. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu. Ving'amuzi vilileta gharama mpya na manung'uniko ya haki, lakini pia viliongeza vituo vyenye njaa ya vipindi.

Baadaye Ubongo ilileta Akili and Me kwa watoto wa miaka 3 hadi 6, na mtoto Akili anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro akajulikana nchi nyingi. Utafiti uliofanyika Morogoro kwa watoto zaidi ya 500, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliotazama Akili and Me walipata maendeleo zaidi katika kutambua namba, kuhesabu na kujua maumbo kuliko waliotazama katuni nyingine. Kwangu huo ni ushahidi mzito kuliko tuzo yoyote. Studio iliyoundwa na watu wa fani mbalimbali ilitengeneza kitu ambacho fundi wa picha peke yake asingeweza kukibuni.

2012–2023: Waliosomea tangu mwanzo

Taratibu likatokea kundi jipya, la watu waliosomea picha na katuni tangu ujana. Mkenya Ng'endo Mukii alipita katika vyuo vikuu vya sanaa vya Rhode Island, Marekani, na Royal College of Art, London, na mwaka 2012 akatoa Yellow Fever, filamu fupi kuhusu wanawake na kuchubua ngozi inayochanganya katuni, ngoma na picha hai. Mganda Raymond Malinga alisomea Malaysia, akarudi Kampala akajenga studio ya Creatures, na mwaka 2017 ikatoka A Kalabanda Ate My Homework.

Julai 2023 wote wawili walikuwamo katika Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 za Kiafrika uliosimamiwa na Triggerfish ya Cape Town na kuonyeshwa duniani kupitia Disney+. Malinga alileta Herderboy, kuhusu wachunga ng'ombe wa siku zijazo, na Mukii akaleta Enkai.

Mtu anaweza kudhani kwamba sasa njia imenyooka na wakati wa kuingia kwa milango ya pembeni umekwisha. Kazi zao wenyewe zinakataa. Mukii anategemea ngoma na miili ya wachezaji. Malinga anategemea maisha ya wafugaji na hadithi za kutishana za watoto wa shule za Uganda. Shule iliwapa zana na nidhamu, na maisha yaliyo nje ya shule yakawapa cha kusema. Hata Pixar, kampuni iliyotoa Toy Story mwaka 1995, ilijengwa na Ed Catmull, mtu wa fizikia na sayansi ya kompyuta, pamoja na John Lasseter aliyetoka kwenye uchoraji. Fani hii huzaliwa pale watu wa elimu tofauti wanapokubali kufanya kazi chumba kimoja.

Historia hii inamdai nini kijana wa Kiwangwa

Ukizikusanya safari hizi zote, mambo matatu yanajitokeza.

Kwanza, kuchelewa kwetu kulitokana na maamuzi na gharama, vitu vinavyojulikana na vinavyorekebishika. Marufuku ya 1974 iliondolewa, televisheni ikaja, mkongo ukafika, programu ikawa ya bure. Kila mlango uliofunguka ulitoa watu wake ndani ya miaka michache. Kipaji kilikuwapo muda wote.

Pili, kuingia kwa njia za pembeni kumeacha mapengo. Tunao watu wengi wanaoweza kuchora, kurekodi sauti na kuhariri peke yao usiku kucha. Tunao wachache waliobobea katika kuunganisha viungo vya wahusika, kupanga mwanga, kuandika miswada ya vipindi virefu au kujadili mikataba. Mapengo hayo yanazibwa na mafunzo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari, na hapo pana nafasi ya kweli: kuchora, muziki na kompyuta vinaweza kukaa katika ratiba moja, na somo la hakimiliki likawekwa mapema kabla mwanafunzi hajasaini chochote.

Tatu, umbali umepungua. Kutoka Kiwangwa, barabara ile ile inayobeba mananasi inafika Bagamoyo, palipo na taasisi yenye walimu wa ngoma, maigizo, muziki na sanaa za ufundi, na kutoka hapo inaendelea hadi Dar es Salaam ziliko studio. TaSUBa na studio hizo zinahitajiana kuliko zinavyoshirikiana sasa. Studio inayotafuta mtu wa kuupa mwendo uzito inaweza kumpata Bagamoyo, na mcheza ngoma anayetafuta kazi ya mwaka mzima anaweza kuipata studio.

Kijana anayetaka kazi hii basi asiambiwe asubiri mpaka apate chuo cha katuni. Aanze na anachokijua vizuri, iwe ni kuchora, kupiga ngoma, kusimulia, kufundisha wadogo zake hesabu au kurekodi harusi ya jirani, akijifunze kwa bidii mpaka akimudu, huku akijifunza zana pembeni. Walimu wake nao wasiione michoro ya nyuma ya daftari kama utoro wa akili. Kutoka katika michoro ya namna hiyo, iliyoigwa kutoka kwa Sani miaka 40 iliyopita, ndipo fani hii ilipoanzia, na waliokuwa na ujuzi mwingine mikononi ndio walioifikisha ilipo.